Siku Mama Alipopanda Nyuma ya Rosaire

Joline Daigle alikuwa anamenya viazi jikoni mama yake alipoingia amevaa suruali ya marehemu baba, buti za mpira na lile koti la kuwindia la rangi ya machungwa. Bi Fernande hakukaa. Aliegemea mlango, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mpigie simu Rosaire Plourde. Mwambie aje na pikipiki yake ya matairi manne. Nataka anipeleke kilima cha Lavertu."

Kisu kikakwama katikati ya kiazi.

Kwa miaka kumi na mmoja majina hayo mawili, la mtu na la kilima, hayakuwahi kutoka kinywani mwa Bi Fernande. Conrad, kaka yake Joline, alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne pikipiki yake ilipompindukia kwenye kilima kile, akafa kabla waokoaji hawajafika. Rosaire, rafiki yake tangu darasa la kwanza, ndiye aliyekuwa naye. Siku tatu baada ya mazishi Rosaire alikuja kubisha hodi. Bi Fernande alimfungulia, akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu, kisha akamfungia mlango bila neno.

Na katika bonde lote lile la mto, pande zote mbili za mpaka wa nchi, Joline hakuona mwanaume mwingine wa kumpenda ila huyo.

Hakupanga. Mwaka juzi alijitolea siku moja kwenda kusafisha njia za msituni na watu wa klabu ya pikipiki, akamkuta Rosaire amesimama kwenye kijito, maji yamemfika kiunoni, anabomoa kwa mikono boma la vijiti ambalo mabiva, wale panya wakubwa wa majini wanaoziba mito, walikuwa wamelijenga usiku. Alikuwa akiwasemesha wale wanyama, waliokuwa wamejificha, kwa upole kabisa, akiwaomba radhi kwa usumbufu. Joline alicheka. Rosaire akainua macho. Mambo yakaanzia hapo, wakayaficha miaka miwili, hadi wiki mbili zilizopita Joline alipochoka kuficha akamwambia mama yake. Bi Fernande alisikiliza, kisha akaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Lakini aliyemvunja Joline moyo hakuwa mama. Alikuwa Rosaire mwenyewe. Jumapili iliyopita alimwambia, macho yakiwa chini, "Tuache, Jo. Mama yako alimpoteza mtoto mmoja nikiwa pale pale. Sitamfanya ampoteze wa pili." Joline alimwita mwoga. Rosaire hakubisha. Aliondoka, na tangu siku hiyo Joline aliishi kwa chai. Bahati shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya mavuno ya viazi, vinginevyo wanafunzi wake wangemwona mwalimu anafundisha hesabu huku anafuta machozi.

"Mama," alisema sasa, "kule ni saa nzima na nusu. Njia ina mawe. Mgongo wako je?"

"Mgongo ni wangu."

"Mimi na yeye hatuongei."

"Nimeona. Nyumba nzima imeona. Ndiyo maana nakuambia umpigie wewe. Mimi namba yake sina, na nadhani wewe unayo kichwani."

Alikuwa nayo kichwani.

Rosaire alifika kabla ya saa nne. Ngurumo ya pikipiki ilisikika kutoka mbali, ikapungua alipoingia uani, kwa adabu, kama mtu anayevua kofia. Alikuwa amenyoa. Alikuwa mrefu, mpana mabegani, na suruali yake ya kazi ilikuwa imefuliwa lakini tope la miaka halikuwa limekubali kutoka. Alimtazama Joline mara moja tu, haraka, na kwa mtazamo huo mmoja Joline alijua kwamba naye hajala.

"Habari za asubuhi, Bi Fernande."

"Kiti chako kina mto?"

"Kina. Na nimekuletea helmeti."

Bi Fernande akaigeuza ile helmeti mikononi. "Ya nani hii?"

"Ya mama yangu."

"Inanipwaya. Mama yako ana kichwa kikubwa."

"Ndiyo, Bi Fernande."

Joline aligeuka akajifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akavaa helmeti yake, akawasha pikipiki yake ndogo, akawafuata.

Ulikuwa mwanzo wa Oktoba, siku kavu, mbingu nyeupe. Walipita kando ya mashamba ambamo magari ya mavuno yalikuwa yakitimua vumbi, wakavuka barabara ya lami, wakaingia msituni. Misonobari ilisimama myeusi pande zote mbili, na katikati yake miti mingine ilikuwa imegeuka manjano na nyekundu, majani yakianguka mbele ya magurudumu. Joline alikuwa amepita njia ile mara nyingi. Hakuwahi kuipita akiwa anatazama mgongo wa mwanaume aliyemwacha na mgongo wa mama aliyemkataa, migongo yote miwili juu ya kiti kimoja.

Na hata akiwa na hasira, hakuweza kuacha kumstaajabia. Rosaire aliendesha kana kwamba amebeba trei ya mayai. Kila jiwe alilikwepa au alilipanda kwa gurudumu moja, taratibu, mwili wake ukiegemea upande wa pili ili kiti kisiyumbe. Penye mteremko alishuka kwa gia ya nguvu, bila kugusa breki kwa ghafla. Bi Fernande alikuwa ameshika chuma cha nyuma kwa mikono miwili, mgongo wima kama yupo kanisani.

Kwenye daraja la pili aliomba wasimame. Lilikuwa daraja la mbao nene, limeinuka juu ya kijito, kingo zake zimepigwa rangi.

"Nani kajenga hili?"

"Klabu," alisema Rosaire.

"Klabu ni nani?"

"Ni sisi sote."

"Ni yeye, Mama," alisema Joline kutoka nyuma. "Wengine walileta misumari na bia."

"Bia nayo ilisaidia," alisema Rosaire bila kugeuka.

Mbele kidogo wakakuta maji. Mabiva walikuwa wameziba kalavati, na kipande kizima cha njia kilikuwa kimegeuka bwawa la rangi ya chai. Joline angerudi nyuma. Rosaire alizima, akakata fimbo, akaingia mwenyewe kwa miguu, hatua kwa hatua, akipima chini. Maji yalimfika mapajani, na Joline alijua ubaridi wa maji yale mwezi ule. Ni ubaridi unaofika kwenye meno. Alienda mpaka ng'ambo, akarudi kwa mstari mwingine, akainama mpaka mabegani akasogeza jiwe moja kwa mikono, kisha akasema kwa utulivu, "Kushoto pako sawa. Bi Fernande, inua miguu. Jo, pita palepale nitakapopita, usiachie mafuta mpaka utoke."

Alimwita Jo. Rosaire alijisikia mwenyewe, akafunga mdomo.

Walivuka. Ng'ambo Bi Fernande akamwambia yule mwanaume aliyekuwa akichuruzika, "Umelowa."

"Nitakauka."

"Utapata homa."

"Hapana, nimezoea."

"Conrad naye alikuwa akisema hivyo," alisema Bi Fernande, akashika tena chuma cha nyuma.

Walikuwa wamekunja kona ya tatu baada ya pale Rosaire alipoinua ngumi ya kushoto. Joline alisimama karibu kabisa, tairi lake likikaribia kugusa la Rosaire. Rosaire akazima injini, akamwashiria naye azime.

Katikati ya njia, hatua thelathini mbele, lilisimama dume la musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote wa misitu ya baridi. Mabega yake yalikuwa juu kuliko ya farasi, pembe zake pana kama sinia mbili za harusi, na shingo yake ilikuwa imevimba kama zinavyovimba wakati wao wa kutafuta majike. Liliwatazama. Lilipuliza hewa puani.

"Piga honi," alinong'ona Bi Fernande.

"Msimu huu atadhani ni dume mwenzake anamchokoza."

"Basi rudi nyuma."

"Akiona tunakimbia atatufuata."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye aamue."

Bi Fernande alitafakari. "Huyu ana tabia za marehemu mume wangu," alinong'ona.

Wakasubiri. Bila ngurumo ya injini, msitu ulikuwa kimya hata majani yakitua yalisikika. Dakika tano zikapita, kumi. Lile dume likaanza kula matawi ya pembeni, bila kuondoka. Joline alikuwa karibu nao kiasi cha kunyoosha mkono akawagusa, lakini wale wawili walikuwa wamemsahau. Aliona mgongo wa mama yake ukishuka kidogo.

"Alisema nini?" aliuliza Bi Fernande.

Rosaire hakujifanya kutoelewa. Macho yake yalibaki kwa yule mnyama.

"Alisema anasikia baridi. Nikamvulia koti langu. Halafu akaniambia niongee, niongee chochote, nisinyamaze. Nikamsimulia fainali ya hoki ya majira ya baridi yaliyopita. Nikasema tulishinda mabao manne kwa mawili. Akaniambia, manne kwa matatu, mjinga wewe, lile la tatu walilifunga ukiwa chooni."

Sauti ndogo ikamtoka Bi Fernande. Joline hakujua kama ilikuwa kicheko.

"Alilia?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyelia. Akaniambia niache."

"Aliumia sana?"

"Mwanzoni. Baadaye akasema haumii tena. Nikafurahi, Bi Fernande. Nilidhani anapata nafuu. Sikujua maana yake."

Lile dume likasogea hatua mbili, likasimama tena.

"Watu wote waliniambia hakuna wa kulaumiwa," alisema Bi Fernande. "Padri, polisi, mama yako pale sokoni. Ajali ni ajali, wakasema. Nikawachukia wote. Wewe unasemaje?"

"Mimi nilitangulia kupanda," alisema Rosaire. "Nilifika juu, nikageuka nikampungia mkono. Kama ningeizunguka ile miamba, naye angezunguka. Sikumsukuma, sikumshindanisha. Lakini nilimpungia mkono. Huwa naukumbuka mkono huu kila ninapofunga kifungo cha shati."

Joline aliziba mdomo kwa glavu yake. Miaka miwili alilala kifuani pa mtu huyu na hakuwahi kusikia neno hilo.

Bi Fernande alimtazama yule mnyama akitafuna. Kisha, bado kwa kunong'ona, akasema, "Asubuhi ile alitaka kukaa nyumbani. Nilikuwa nakata maharage mabichi ya kuweka kwenye chupa. Alitaka kunisaidia, akawa anakata vibaya, anakula mengine. Nikamwambia ananisumbua, atoke, akacheze na Rosaire. Hivyo hivyo nilisema." Aliachia kile chuma cha nyuma, akaweka kiganja kimoja mgongoni kwa Rosaire, juu ya koti lililolowa. "Kwa hiyo usidhani mkono wako uko peke yake."

Rosaire aliinamisha kichwa. Mabega yake mapana yalitikisika mara moja, mara mbili, na ule mkono wa kikongwe haukuondoka.

Hakuna aliyeona lile dume lilipoondoka. Walipoinua macho, njia ilikuwa tupu.

"Twende," alisema Bi Fernande. "Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi."

Kilima cha Lavertu kilitokea baada ya robo saa. Mahali njia ya zamani ilipokuwa ikipanda wima kupitia miambani palikuwa pamefungwa kwa magogo, na miche ya misonobari imeota kati yake, inamfikia mtu kifuani. Njia mpya ilijitenga upande wa kulia, ikazunguka kilima taratibu, pana, imemwagwa changarawe, na kila penye kona palikuwa na kingo za mbao.

Bi Fernande alishuka kwa kusaidiwa, akatazama njia zote mbili.

"Hii ya kuzunguka ilichimbwa lini?"

"Ilianza mwaka ule ule," alisema Rosaire.

"Na klabu?"

"Klabu walikuja mwaka wa tatu."

"Nauliza ile miaka miwili ya kwanza."

Rosaire akaanza kukung'uta tope kwenye buti.

"Alikuwa peke yake, Mama," alisema Joline. "Kwa koleo na msumeno. Kila jioni akitoka kazini, na Jumamosi zote. Ni karibu maili nzima. Mimi mwenyewe niliambiwa na watu wengine, yeye hasemi."

Bi Fernande aliitikia kwa kichwa, kama aliyeletewa mzigo aliokuwa akiungojea. Akaruka gogo la kwanza kwa namna yake, akashika mche, akaanza kupanda njia ya zamani.

"Mama, ngoja nikushike."

"Bakini hapo nyote wawili. Huko juu nakwenda kwa mwanangu."

Walibaki. Walilitazama lile koti la machungwa likipanda polepole kati ya kijani, mpaka likasimama, likakaa chini. Upepo ulipita juu ya misonobari. Joline alivua helmeti, akatengeneza nywele bila sababu.

"Unatetemeka," alimwambia.

"Ni maji."

"Vua hilo koti. Chukua langu."

"Halinitoshi."

"Ulijuaje? Hujalijaribu. Wewe huwa unaamua tu." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Jumapili uliamua. Ukamtafutia mama yangu amani, ukajipa wewe adhabu, mimi ukanipa mgongo. Hukuniuliza hata kidogo. Mimi si gunia la viazi, Rosaire, kwamba nyie wawili mkubaliane nikae ghala gani."

"Nilidhani nikiondoka mimi, nyumba yenu itatulia."

"Siku nne namenya viazi ambavyo hakuna anayekula. Ndiyo kutulia huko?"

Rosaire aliinua macho. Yalikuwa mekundu, ya kijivu katikati.

"Sina la kujitetea," alisema Rosaire. "Niliogopa. Naogopa mpaka sasa. Nikikuona unaendesha nyuma yangu, moyo wangu unakuwa huko nyuma, siyo kwangu."

"Na mimi leo nimekutazama njia nzima," alisema Joline. "Nilitaka nikuchukie. Nimetafuta hata kosa dogo. Ulivyompimia mama yangu maji kwa miguu yako. Ulivyomjibu yote aliyokuuliza bila kujipunguzia. Sijui kama kuna mwanaume mwingine angekaa pale akasema yale. Nimejaribu kukuchukia, nimeshindwa, na nina hasira kwa kushindwa."

Rosaire alifungua mdomo, lakini kule juu koti la machungwa lilikuwa limeanza kushuka, naye akakimbia kwenda kuondoa tawi njiani kwake.

Bi Fernande alifika akihema, magoti ya suruali yana majani na udongo. Uso wake ulikuwa umelowa, hakuufuta. Alikaa juu ya gogo, akawatazama mmoja baada ya mwingine mpaka Rosaire akasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu mkuu.

"Sikiliza, kijana. Mimi sikupendi bado. Sitadanganya, si mahali pa kudanganya hapa. Kupenda kwangu ni kwa polepole, muulize huyu, hata baba yake alingoja." Akavuta pumzi. "Lakini leo nimekaa nyuma yako njia nzima. Kila kona uligeuza kichwa kumtazama binti yangu. Kila kona. Nilihesabu mpaka ishirini na kitu, nikaacha. Hata kwenye yale maji, umebeba mzee mwenye kelele nyuma yako, uligeuka."

Rosaire alitazama buti zake zilizolowa.

"Kwa hiyo kama mnataka kuoana, oaneni. Kanisani, na watu waje, na mama yako mwenye kichwa kikubwa aje akae meza yangu. Kama kuna siku nitaamka vibaya nisitake kukuona, utanivumilia. Nitajitahidi siku hizo ziwe chache." Akamgeukia Joline. "Na wewe anza kula."

"Ndiyo, Mama," alisema Joline.

Rosaire alisema, "Asante, Bi Fernande," kwa sauti ambayo haikuwa yake. Kisha akaiendea pikipiki yake, akachuchumaa upande wa pili, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, na tena.

Bi Fernande alimtazama kwa muda.

"Anafanya nini?"

"Anakagua mafuta ya injini."

"Ndiyo mara ya tatu hiyo. Nenda kwake."

Joline akaenda. Alizunguka tairi la nyuma, akachuchumaa kando yake kwenye majani makavu, mabega yakigusana. Rosaire alikuwa amekishika kile kijiti mbele ya macho yake, na Joline alijua haoni kitu.

"Yapo ya kutosha," alisema Rosaire.

"Najua."

"Jo, ile Jumapili..."

"Acha Jumapili. Niulize leo."

Akamuuliza, kwa maneno matatu tu, ya polepole, na mikono michafu ya mafuta ambayo hakujua aiweke wapi. Joline aliichukua yote miwili akaiweka mashavuni mwake mwenyewe, akamjibu, na kutoka kule kwenye gogo wakamsikia Bi Fernande akipenga kamasi kwa nguvu kuliko lile dume la musi.